Shajara ya mradi: kutuliza woga wa sindano ya kwanza kwa wanafunzi wa uuguzi, Mombasa

Mei, kabla ya vikao

Mradi huu una lengo moja: mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa kwanza afike kando ya kitanda cha mgonjwa wake wa kwanza akiwa na mikono inayojua la kufanya, ili woga alio nao, ambao ni wa haki kabisa, usimharibie kazi wala kumhatarisha mgonjwa. Tunaouendesha ni wanafunzi wachache wa mwaka wa mwisho katika chuo kimoja cha uuguzi hapa Mombasa, tukisimamiwa na mwalimu wetu wa kliniki. Vikao hufanyika jioni katika chumba cha mazoezi baada ya somo la mwisho, na havizidi saa moja, kwa sababu wenzetu wanaoishi Likoni hawana budi kuwahi feri kabla ya foleni kufurika.

Tumekubaliana tangu mwanzo kwamba hatutamwambia mtu yeyote "usiogope". Anayeambiwa hivyo hubaki na mambo mawili ya kubeba, woga wenyewe na aibu ya kuonekana nao. Anayedunga sindano kwa mara ya kwanza ana sababu ya kuogopa: anaingiza chuma katika mwili wa mtu mwingine, na mtu huyo anamtazama usoni. Tunachotaka kujua ni mahali hasa unaposhika woga huo, na kinachoulegeza. Shajara hii tunaiandika ili kundi litakalotufuata likute njia imekwishafyekwa.

Mei, vikao vya mwanzo

Kabla ya kumpa mtu bomba la sindano tulimpa karatasi, aandike bila jina jambo linalomtisha kuliko yote. Majibu yalikuwa ya wazi kuliko tulivyotegemea. Wapo wanaoogopa kugonga mfupa, wapo wanaoogopa kuharibu mshipa wa fahamu wakamwacha mgonjwa akichechemea, na wapo wanaoamini kwamba kipovu cha hewa ndani ya bomba kitamuua mtu. Wengi waliandika kwamba wanaogopa kusahau hatua mbele ya sista msimamizi. Kundi dogo liliandika kwamba linaogopa kujidunga lenyewe, na msichana mmoja aliandika sentensi moja tu: "Naogopa kumsikia mtu akilia kwa ajili yangu."

Tulizisoma karatasi hizo kwa sauti mbele ya wote, tukizijibu moja baada ya nyingine, kwa kuwa sehemu ya woga huu hutokana na kutojua, na sehemu hiyo huondoka mara tu mtu anapojua. Kipovu kidogo cha hewa kikiingia katika msuli hakimdhuru mgonjwa. Tunakitoa kwa sababu kinapunguza kipimo cha dawa. Ncha ikigusa mfupa katika mkono mwembamba, hurudishwa nyuma kidogo na kazi ikaendelea. Mshipa wa fahamu unaotajwa sana, yaani neva ya siatiki, hupita katika tako, na ndiyo maana tunafundishwa kwa mtu mzima kupendelea ubavu wa nyonga, mahali ambapo neva hiyo haipiti. Anayeijua ramani hiyo hahitaji kupiga moyo konde kwa kubahatisha.

Vifaa vyetu ni vya kawaida: machungwa kutoka soko la Kongowea, vipande vya sponji la godoro vilivyovikwa mpira, maji safi badala ya dawa, na sanamu ya bega iliyomo chumbani. Chungwa linafaa kwa jambo moja, nalo ni kumzoesha mtu namna ngozi inavyokinza kidogo kisha inavyoachia. Zaidi ya hapo halifundishi kitu, kwa sababu halina mfupa wa kupapasa, halipumui, wala haliulizi swali. Kwa hiyo alama za mwilini tunazitafuta kwenye miili yetu wenyewe, kwa kidole na kalamu bila sindano yoyote, wasichana kwa wasichana nyuma ya pazia na wavulana upande wao, kama adabu ya huku kwetu inavyotaka.

Kwa bega, mtu hupapasa ncha ya mfupa wa juu, akashuka upana wa vidole viwili au vitatu, akaweka alama katikati ya msuli. Ubavu wa nyonga una shughuli zaidi: kitako cha kiganja huwekwa juu ya kifundo cha fupa la paja, kidole cha shahada huelekezwa kwenye ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga, kidole cha kati hutanuliwa kuelekea nyuma kwa kufuata ukingo wa mfupa huo, na nafasi iliyo baina ya vidole viwili ndiyo ya kudunga. Nyonga ya kushoto ya mgonjwa hupimwa kwa mkono wa kulia, na ya kulia kwa mkono wa kushoto. Tumeona kwamba waliorudia zoezi hili kwa watu wa maumbo mbalimbali, wanene kwa wembamba, ndio walioanza kuzungumza kwa sauti ya kawaida mapema kuliko wenzao.

Mwisho wa Mei

Tuliwafundisha pia kuvuta pumzi. Zoezi lilikuwa zuri: wote wameketi, macho yamefumbwa, mvua ya masika inapiga bati, na pumzi inatoka polepole kuliko inavyoingia. Chumbani kila mtu alitulia. Kisha mwalimu wetu aliwachukua baadhi yao kwenda kutazama kazi wadini, akawauliza baadaye ni nani aliyekumbuka pumzi zile wakati sista alipomkabidhi bomba ashike. Hakuna aliyekumbuka. Walieleza kwamba wadini hakuna mahali pa kusimama na kufumba macho, na kwamba mtu anayefanya hivyo mbele ya mgonjwa humtia mgonjwa wasiwasi.

Jambo hili limebadilisha mwelekeo wa mradi. Utulivu ukifundishwa kama kazi ya ziada, inayofanywa kando na kazi yenyewe, huwa ndio wa kwanza kusahaulika moyo unapoanza kudunda. Lakini kudunga sindano ni kazi yenye hatua za lazima, ambazo haziachwi hata mtu awe na haraka kiasi gani. Tumeamua kuutia utulivu ndani ya hatua hizo hizo, ili anayefuata utaratibu awe anajituliza bila kulazimika kukumbuka kujituliza.

Mwanzo wa Juni

Wiki hii yote tumeitumia kupitia hatua moja moja, tukiuliza kila hatua inaweza kumpa nini mwenye woga.

Ya kwanza ni maji na sabuni. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka mikono ioshwe kwa sekunde 40 hadi 60, au isuguliwe kwa dawa yenye spiriti kwa sekunde 20 hadi 30. Muda huo ni mrefu kuliko unavyodhaniwa. Anayevuta pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita hupata pumzi nne au zaidi kabla hajafunga mfereji, na hakuna anayemtazama, kwa sababu kila muuguzi huinamia sinki anaponawa. Moyo hupunguza mwendo wakati wa kutoa pumzi na kuuongeza wakati wa kuivuta, kwa hiyo tunawasisitizia hesabu ndefu iwe ile ya kutoa. Tumebandika hesabu hiyo ukutani juu ya sinki la chumba cha mazoezi, kando ya picha za namna ya kusugua vidole.

Ya pili ni sinia ya dawa, na hapa ndipo tunapoona faida kubwa kuliko pengine popote. Mikono inayotetemeka kitandani mara nyingi ni ya mtu ambaye bado anaamua mambo: sindano ipi, pamba iko wapi, dawa ni kiasi gani, bomba lililotumika litatupwa wapi. Kila uamuzi unaoweza kufanywa mezani ufanyike mezani. Mwanafunzi huchagua sindano hapo, akijua kwamba namba ikiwa kubwa sindano huwa nyembamba, kwamba ya 21 ina kitako cha kijani na ya 23 kitako cha buluu. Husoma jina la dawa anapoitoa kabatini, anapoivuta, na tena kabla ya kuitoa kwa mgonjwa, kila mara kwa sauti: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi, wakati sahihi. Kusoma kwa sauti kuna faida ya pili ambayo vitabu havikutuambia. Mtu hawezi kusema sentensi nzima huku amebana pumzi, na sauti iliyokwisha kutumika mezani haikwami kooni mbele ya mgonjwa.

Ya tatu ni salamu. Tumeandika maneno na kuyafanyia mazoezi mpaka yakawa mepesi: "Shikamoo, bibi. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi. Daktari ameagiza udungwe sindano, nami nitakudunga sista akiwa hapa pamoja nami. Naomba uniambie majina yako kamili." Ndani ya maneno hayo mgonjwa ametambuliwa, ameelezwa ukweli kwamba anayemhudumia ni mwanafunzi, na amepata nafasi ya kukataa. Baadhi ya wenzetu walitaka neno "mwanafunzi" liondolewe, wakihofia kwamba mgonjwa atakataa. Mimi nilisimama upande wa kulibakiza, na mwalimu akakubaliana nami. Mgonjwa ana haki hiyo, na anayejificha nyuma ya sare huingia kazini na woga wa kufichuliwa juu ya ule wa sindano.

Ya nne ni kupapasa alama. Mtetemeko huonekana zaidi mkono unaponing'inia hewani, kwa hiyo tunawafundisha kubana kiwiko karibu na mwili na kuegemeza kitako cha kiganja kwenye ngozi ya mgonjwa, huku bomba limeshikwa kama kalamu. Mkono ulioegemea hutetemeka kidogo sana. Mgonjwa naye, akihisi kiganja kimetulia juu ya bega lake kabla ya ncha kufika, hashtuki.

Ya tano ni pamba yenye spiriti. Ngozi hupanguswa kwa sekunde 30 na kuachwa ikauke kwa sekunde 30 nyingine, kwa sababu spiriti mbichi ikiingia na ncha huunguza, na mgonjwa hudhani ni sindano iliyomuumiza. Mwanafunzi mwoga hukimbilia kudunga kabla haijakauka, au huipuliza kwa mdomo, jambo ambalo huirudishia ngozi vijidudu. Tumewapa kazi ya kufanya katika muda huo: waulize jambo moja dogo na wasikilize jibu. Alikuja na nani leo? Kule kwao Kisauni mvua imepungua?

Kisha sindano yenyewe. Woga hugeuza mwendo wa kazi hii chini juu. Anayeogopa hupenyeza ncha polepole, akidhani polepole ni upole, halafu husukuma dawa kwa kasi ili amalize. Mambo mawili hayo ndiyo yanayoumiza. Ncha ipite ngozini kwa mkato mmoja, wima kwa nyuzi 90 kama ni ya msuli, na dawa isukumwe taratibu, karibu sekunde 10 kwa kila mililita. Tunawataka wahesabu kwa kunong'ona wanaposukuma. Kati ya mazoezi yote ya chumbani, hili la kugeuza mwendo ndilo tunalolirudia mpaka mwanafunzi achoke, kwa kuwa mwili wenye hofu hauachi tabia hiyo kwa kuambiwa mara moja.

Juni, nyongeza kuhusu wanaozimia

Kuna aina ya pili ya hofu ambayo hatukuipangia kikao mwanzoni, na inahitaji tiba iliyo kinyume na ile ya kwanza. Wapo watu ambao wakiona ncha au tone la damu, moyo wao hukimbia kwanza kisha hushuka ghafla, shinikizo la damu nalo likashuka, masikio yakavuma, kijasho chembamba kikatoka na macho yakaanza kuona giza. Mtu wa namna hii akiambiwa alegeze mwili na kupumua polepole anaweza kuanguka mapema zaidi. Anachohitaji ni kukaza. Tunamfundisha akaze misuli ya mapaja, tumbo na mikono kwa sekunde 10 hadi 15 mpaka ahisi uso umepata joto, aachilie kwa sekunde 20 au 30 bila kulegea kabisa, kisha arudie mara tano. Mwenzetu mmoja ambaye alikuwa akikaa chini kila mara bomba lilipotolewa kwenye kifuko sasa hufanya hivyo akiwa amesimama, chini ya koti lake jeupe, bila mtu kutambua.

Tumeongeza pia sharti la kula. Wengi hutoka nyumbani alfajiri ili kuwahi kivuko na hufika bila kitu tumboni, na wengine huikamata kahawa chungu ya barabarani, wakanywa vikombe viwili vitatu. Njaa huongeza kizunguzungu, na kahawa huongeza mtetemeko wa vidole. Siku ya wadi, mahamri na mbaazi kwanza, kahawa baada ya kazi.

Katikati ya Juni, wadini

Kundi la kwanza limeingia wadini. Sista msimamizi alifanya jambo la busara ambalo nataka liandikwe hapa ili wengine waliige: aliwachagulia wagonjwa. Wa kwanza alikuwa kijana mwenye mabega mapana aliyekatwa na bati akiwa kazini, aliyehitaji chanjo ya pepopunda, nusu mililita begani. Kipimo kidogo, msuli mkubwa, mgonjwa mchangamfu. Mwanafunzi aliyepewa kazi hiyo alinawa kwa utulivu mpaka sista akamtazama, akasoma chupa kwa sauti, akapapasa, akasubiri spiriti ikauke huku akimuuliza kijana kuhusu kazi yake. Kijana alikuwa bado anaeleza namna ya kupandisha mabati sindano ilipoingia, na hakukatiza maneno yake.

Wa pili alikuwa bibi wa makamo makubwa, mwenye kisukari cha miaka mingi, aliyelazwa kwa kidonda cha mguu. Insulini ina taratibu zake: bomba lake lina alama za yuniti wala si za mililita, dawa ina yuniti 100 katika kila mililita, na katika wadi hiyo watu wawili hukagua kipimo kabla ya kudungwa. Mwanafunzi, msichana wa Changamwe ambaye wiki zilizopita hakuweza kushika chungwa bila kutoa jasho, alimwamkia na kujitambulisha. Bibi akamwangalia kuanzia kwenye kofia mpaka viatuni.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye utakayenidunga?"

"Ndiyo, bibi, ukiniruhusu."

"Tia tu, mimi nishazoea. Lakini si upande huu, huu walitia asubuhi."

Alifunua kitambaa cha leso mwenyewe na kuonyesha tumbo upande wa kulia, vidole viwili na zaidi kutoka kitovuni, mahali sahihi kabisa. Mwanafunzi akabana mkunjo wa ngozi baina ya kidole gumba na cha shahada. Hapo mkono wake ukaanza kutikisika, si sana, lakini ncha ilionekana ikicheza. Bibi aliuona. Akasema kwa sauti ya chini, "Bismillahi," na msichana akaitikia neno hilo hilo, na kwa kulitamka pumzi ikamtoka yote, na ncha ikaingia mwisho wa pumzi hiyo.

Tumelizungumza tukio hilo kwa kirefu kikaoni, maana ndani yake kuna jambo la kufundishika. Dua fupi, neno la kujitakia heri, au hata hesabu ya kimoyomoyo hufanya kazi pale inapomfanya mtu atoe pumzi kabla ya kudunga. Wakristo miongoni mwetu wana maneno yao, na asiye na neno ahesabu. La muhimu ni kwamba ncha isiingie wakati mdungaji amebana pumzi, kwa sababu mwili uliobana pumzi hukakamaa mpaka vidoleni. Tumeliongeza hilo katika karatasi ya hatua, kati ya kukauka kwa spiriti na kudunga.

Mwisho wa Juni, kliniki ya mama na mtoto

Kliniki ni shule nyingine. Mtoto wa wiki sita hupata chanjo yenye kinga tano katika paja la kushoto na ya nimonia katika paja la kulia, nusu mililita kila moja, upande wa nje wa paja katika theluthi ya katikati. Kwa mkono, kazi hii ni nyepesi kuliko ya mtu mzima. Kwa moyo ni nzito zaidi, kwa sababu mtoto atalia, na mama anatazama.

Tulichowaelekeza wanafunzi kinatokana na mapendekezo ambayo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2015 kuhusu kupunguza maumivu ya chanjo. Mama ampakate mtoto, na akitaka amnyonyeshe kabla na wakati wa kudungwa. Pistoni, yaani kijiti cha bomba kinachosukuma dawa, isivutwe nyuma kutafuta damu, kwa kuwa katika maeneo hayo hakuna mishipa mikubwa na kuvuta huongeza maumivu. Kwa dawa nyinginezo kila mtu afuate mwongozo wa wadi yake. Chanjo inayouma zaidi itolewe mwisho. Na maneno yawe ya kweli. Sisi sote tumelelewa na ile kauli ya "kidogo tu, haiumi", na mtoto mkubwa anayeambiwa haiumi kisha ikauma hatamwamini tena mtu mwenye koti jeupe. Sasa tunasema, "Mama, mshike hivi, nadunga sasa," na basi.

Kilio cha mtoto kilimrudisha nyuma yule aliyeandika kwamba anaogopa kumsikia mtu akilia kwa ajili yake. Alidunga vizuri, akaweka bomba ndani ya kisanduku, kisha akasimama akiwa hajui aangalie wapi. Mama wa mtoto ndiye aliyemsaidia, kwa kumwambia, "Ameshanyamaza, sista, yuataka kunyonya tu." Tumezungumza naye baadaye. Hatukumwambia kwamba atazoea, kwa sababu hatupendi azoee kwa maana ya kutosikia. Tulimwonyesha kwamba muda kati ya ncha kutoka na mtoto kunyamaza ulikuwa mfupi, na kwamba ulikuwa mfupi kwa sababu alimkumbusha mama amnyonyeshe.

Kina mama waliofuata sindano ya miezi mitatu ya uzazi wa mpango walikuwa wepesi. Ila wanafunzi wakumbushwe kutokanda mahali palipodungwa, na kumwambia mama naye asikande.

Mwanzo wa Julai

Kuhusu kujidunga, tumeona kwamba woga hupungua sana mtu anapojua njia yote ya baada ya ajali. Sindano iliyotumika haifunikwi tena kwa kifuniko chake. Huingia moja kwa moja katika kisanduku cha sindano, ambacho kikae palipo na mkono na kifungwe kikijaa robo tatu. Ikitokea mtu akajidunga, aoshe kwa maji yanayotiririka na sabuni bila kukamua, atoe taarifa papo hapo, na aanze dawa za kinga ya virusi vya ukimwi mapema iwezekanavyo, si zaidi ya saa 72, kwa siku 28. Chanjo ya homa ya ini ya B ina dozi tatu, na tumemwomba mwalimu asimpeleke mtu wadini kabla hajaianza. Glavu nazo zimezua mjadala. Kwa sindano ya kawaida kwenye ngozi nzima si lazima, hazizuii ncha kupenya, na katika joto la Mombasa mkono unaotoa jasho ndani yake hutelezesha bomba. Anayezihitaji kwa sababu ya damu au jeraha azivae bila kuulizwa.

Katikati ya Julai

Tumepata nafasi ya kuzungumza na wasimamizi wa wadi, nami nililipigania hili kwa moyo wote. Katika wadi moja mwanafunzi alikaripiwa mbele ya mgonjwa huku ncha ikiwa bado ndani ya msuli. Mkono wake ulitikisika kwa sababu ya sauti, na aliyeumia ni mgonjwa. Tumeomba mambo mawili. Msimamizi asimame upande wa mkono unaodunga, karibu kiasi cha kuweza kuushika, na si nyuma ya mwanafunzi ambako haonekani. Na sindano ikiwa imeshaingia, atumie maneno matatu tu, "simama", "endelea" au "toa", mengine yote yasubiri mpaka wafike kwenye meza ya dawa. Wasimamizi wengi wamekubali. Mmoja alisema kwamba yeye mwenyewe alifunzwa kwa makaripio na akawa muuguzi mzuri, na hatukubishana naye. Tulimwomba ajaribu kwa kundi moja.

Mwisho wa Julai

Karatasi ya hatua imekamilika na imetundikwa juu ya sinki, mezani na ndani ya mlango wa chumba cha mazoezi. Yamebaki mambo mawili. La kwanza ni penisilini nzito ya benzathini, ambayo huganda katika sindano nyembamba na kumtia mwanafunzi hofu pale pistoni inapokataa kusogea. Tunaandaa zoezi kwa kimiminika kizito na sindano pana, ili mkono uzoee kusukuma kwa nguvu sawa bila kusita. La pili ni BCG, chanjo ya kifua kikuu, ambayo kwa mtoto mchanga ni mililita 0.05 tu, ndani ya ngozi ya kigasha cha kushoto, kwa pembe ya nyuzi 10 hadi 15, mpaka kiinuke kijipele cheupe. Hapo mkono hauna msuli wa kuuficha mtetemeko, na mtoto anaweza kuwa na umri wa siku moja. Wanafunzi waliokwisha kupita katika vikao hivi wamekubali kuyasimamia mazoezi hayo muhula ujao. Sista wa kliniki naye atatutengea siku ambazo chanjo hiyo hutolewa, kwa kuwa chupa ikishachanganywa haina budi kutumika ndani ya saa sita, na watoto wengi hukusanywa siku moja.